Gari Likiitwa Kiwandani, Nani Atakuletea Habari?

Ndugu msomaji, kwa familia nyingi za mjini gari ni mali inayopatikana kwa jasho la miaka mingi. Mkopo wa chama cha akiba hukatwa kidogo kidogo katika mshahara, mama naye huongeza faida ya biashara yake, na hatimaye gari hushushwa bandarini. Hapo ndipo ukaguzi wa nyumbani huanza. Mmoja hutazama rangi, mwingine hubonyeza tairi, na fundi wa mtaani hufungua boneti akasikiliza mngurumo wa injini. Maswali huwa mengi: limetembea kilomita ngapi, linakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana? Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kusikika, nalo huenda likawa na uzito kuliko yote hayo: je, gari hili limepata kuitwa na kiwanda kilicholitengeneza, na kama liliitwa, lilikwenda?

MAANA YA KUITWA

Kiwanda kikigundua kwamba magari ya aina fulani yana kasoro inayohatarisha maisha, hupaswa kuyaita. Wenye magari huandikiwa barua, huelezwa kasoro hiyo na hatari yake, na hutakiwa wayapeleke magari yao kwa wakala ili sehemu mbovu ibadilishwe bila malipo. Jambo hili si hisani ya tajiri. Nchini Marekani sheria ya usalama wa magari iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Septemba 1966 iliwalazimisha watengenezaji kutoa taarifa ya kasoro, na marekebisho ya mwaka 1974 yakawalazimisha pia kuitengeneza kwa gharama yao. Huko Japani, ambako hutoka sehemu kubwa ya magari yanayotembea katika miji yetu, utaratibu wa kuita magari ulianza mwaka 1969.

Yafaa tuelewe jambo moja tangu mwanzo. Gari kuitwa si aibu kwa mwenye gari, wala si dalili kwamba amenunua kitu kibovu. Magari ya karibu kila kampuni yamewahi kuitwa. Gari lililoitwa, likaenda, likatengenezwa, ni gari ambalo ufa wake umezibwa. La kuogopwa ni lile lililoitwa lisiende, kwa sababu mwenye nalo hakupata habari. Na habari hiyo, kama tutakavyoona, ina tabia ya kuchelewa, ya kufichwa, na zaidi ya yote, ya kubaki nyuma gari linaposafiri.

BARUA ILIYOFIKA BAADA YA MAZISHI

Tuanze na kisa kilichowafungua macho watu wengi. Mwaka 1970 kampuni ya Ford ya Marekani ilitoa gari dogo la bei nafuu liitwalo Pinto. Tangi lake la mafuta liliwekwa nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, karibu kabisa na bampa. Gari jingine lilipoligonga kwa nyuma, hata kwa mwendo usio mkubwa, tangi lilisukumwa mbele likatobolewa na bolti za difu, na bomba la kujazia mafuta liliweza kuchomoka. Petroli ilimwagika, cheche ikatokea, na waliomo ndani wakateketea.

Majaribio ya kampuni yenyewe, yaliyofanywa kabla gari halijaanza kuuzwa, yalikuwa yameonyesha kwamba mafuta yanavuja. Sehemu za kuondoa hatari hiyo zingegharimu dola chache tu kwa kila gari. Hata hivyo magari yaliendelea kutoka kiwandani. Mwaka 1977 mwandishi Mark Dowie alilichapisha jambo hilo katika jarida la Mother Jones, na mwezi Juni 1978 kampuni ikayaita magari milioni 1.5 ili yafungwe kinga ya plastiki mbele ya tangi na bomba refu zaidi la kujazia mafuta.

Lakini kutangaza kuitwa kwa magari ni jambo moja, na barua kumfikia mwenye gari ni jambo jingine. Mwezi Agosti 1978, miezi miwili baada ya tangazo hilo, wasichana watatu waliokuwa katika Pinto waligongwa kwa nyuma katika jimbo la Indiana, gari likawaka moto, wote wakafa. Barua ya kuwataka wenye gari walipeleke likatengenezwe ilifika nyumbani kwao mapema mwaka 1979. Kampuni ilishitakiwa kwa mauaji ya uzembe, na mwezi Machi 1980 baraza la wazee wa mahakama likaiona haina hatia. Sheria ilimaliza kazi yake. Mzazi aliyeipokea barua ile ndiye ajuaye thamani ya miezi ile michache.

SPRINGI NDOGO, LAWAMA KUBWA

Watu wengi hudhani kwamba kasoro ya kuua ni lazima iwe kubwa: injini iliyopasuka, au breki zilizokatika. Sivyo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari milioni 2.6, yakiwamo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa ajili ya springi ndogo iliyomo ndani ya swichi ya kuwashia gari. Springi hiyo ilikuwa dhaifu mno. Mkungu mzito wa funguo, au goti la dereva likigusa ufunguo, au gari likipita juu ya tuta, vilitosha kuurudisha ufunguo nyuma. Injini ilizimika gari likiwa katika mwendo, usukani ukawa mzito, msaada wa breki ukapotea, na mifuko ya hewa iliyowekwa ili kumkinga dereva haikufunguka, kwa kuwa umeme wake ulikuwa umekwisha katika. Mbele ya Kongresi ya Marekani ilitajwa kwamba sehemu ya kuondoa kasoro ile iligharimu senti 57.

Wahandisi wa kampuni walikuwa wameliona tatizo hilo zaidi ya miaka kumi kabla. Mwaka 2006 sehemu hiyo ilirekebishwa kimya kimya bila namba yake kubadilishwa, hata mtu aliyeshika swichi ya zamani na ya mpya asingeweza kuzitofautisha kwa namba. Mfuko wa fidia uliofunguliwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza mashitaka ya jinai ya serikali.

Katika kipindi chote hicho cha ukimya, ni nani aliyebeba lawama? Ni dereva. Mwanamke mmoja wa Texas alipata ajali akiendesha Saturn Ion mwaka 2004, na mwenzake aliyekuwa naye garini akafa. Alishitakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, naye akakiri kosa, kwa maana hakuwa na maelezo mengine ya kwa nini gari liliacha njia. Alitembea na mzigo huo moyoni mpaka mwaka 2014, mahakama ilipomwondolea hatia baada ya kasoro ya swichi kujulikana. Fikiri, ndugu msomaji: miaka kumi ya kujiona muuaji kwa sababu ya springi iliyojulikana ofisini lakini haikutajwa barabarani.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Mwezi Januari 2002, katika mji wa Yokohama huko Japani, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka likamwua mama aliyekuwa akitembea kando ya njia pamoja na watoto wake. Kampuni ilidai kwamba wenye lori hawakulitunza vizuri. Kwa kusema hivyo ilimtupia mzigo mwenye gari na fundi wake. Miaka miwili ikapita. Mwaka 2004 kampuni ikakiri kwamba habu, yaani kitovu kinacholishika gurudumu, ilikuwa na kasoro ya kiwandani, na malori mengi yakaitwa. Kabla ya hapo, mwaka 2000, kampuni hiyohiyo ilikuwa imegunduliwa kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini ilificha malalamiko ya wateja wasiyaone wakaguzi wa serikali.

Somo la visa hivi linamhusu kila dereva na kila fundi. Ajali inapotokea, ulimi wetu hukimbilia kusema mwendo kasi, ulevi, au fundi wa uchochoroni. Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila mara, na mtu asiyejua kwamba gari lake liliitwa hana la kujitetea.

MFUKO WA HEWA UNAOGEUKA BOMU

Sasa tufike kwenye mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari, ambao ndio unaotuhusu zaidi sisi tukaao pwani na mahali pa joto.

Katikati ya usukani wa magari mengi ya siku hizi, na ndani ya dashibodi mbele ya abiria, umo mfuko wa kitambaa uliokunjwa. Gari likigonga kitu kwa nguvu, dawa iliyo katika kopo la chuma huwashwa kwa umeme, hutoa gesi, na mfuko huvimba kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, ukakipokea kichwa na kifua kabla havijagonga usukani. Ni uvumbuzi uliookoa maisha ya watu wengi sana.

Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoanza mwaka 1933 kama kiwanda cha kufuma nguo, ikatengeneza mikanda ya magari na baadaye mifuko ya hewa, iliamua karibu na mwaka 2000 kutumia dawa iitwayo amonia nitreti. Dawa hiyo inajulikana kwa wakulima kama mbolea, na kwa wachimba migodi kama baruti ya kupasulia miamba. Ni rahisi kwa bei. Ubaya wake ni kwamba hunyonya unyevu, na joto likipanda na kushuka kila siku, chembe zake hutanuka na kusinyaa, mpaka vidonge vilivyoshindiliwa vikaanza kulegea na kuwa unga.

Mwenye kupika kwa kuni ataelewa hatari yake mara moja. Gogo huwaka polepole, na vijiti huwaka upesi. Lakini vumbi la msumeno likirushwa motoni hulipuka kwa mara moja. Ndivyo ilivyo kwa vidonge vya Takata vilivyozeeka: badala ya kuwaka kwa kipimo, huwaka kwa ghafla, shinikizo hulishinda kopo la chuma, kopo hupasuka, na vipande vyake hupenya mfuko vikamchoma mtu shingoni, usoni au kifuani. Chombo cha kuokoa kikageuka chombo cha kuua. Tena haihitajiki ajali kubwa. Mwaka 2009 kijana mmoja huko Oklahoma alikufa kwa namna hiyo baada ya mgongano mdogo katika uwanja wa kuegeshea magari, ambao pengine ungemwacha bila jeraha lolote.

Mwito wa kwanza, wa kampuni ya Honda mwezi Novemba 2008, ulihusu magari elfu nne hivi. Mwezi Aprili 2013 Toyota, Honda, Nissan na Mazda kwa pamoja waliita milioni 3.4. Mwezi Mei 2015 Takata ilikiri kasoro yake, na hesabu ya magari yanayohusika Marekani peke yake ikafika karibu milioni 34, kisha ikazidi kupanda. Mwishowe mifuko iliyoitwa nchini humo ilifika karibu milioni 67, na duniani kote inakadiriwa kuwa milioni 100, ndani ya magari ya kampuni 19. Nchini Marekani vifo 28 vimethibitishwa, na waliojeruhiwa wamepita 400. Wengine walikufa katika nchi nyingine, ikiwamo Malaysia.

Mwezi Januari 2017 kampuni ilikubali kosa la udanganyifu, kwa kuwa ilikuwa imewapa watengenezaji wa magari taarifa za majaribio zilizogeuzwa, ikakubali kulipa dola bilioni 1. Mwezi Juni mwaka huohuo ikafilisika.

JOTO NA UNYEVU

Hapa naomba usome kwa makini. Wachunguzi waligundua kwamba hatari ya makopo haya huongezeka kwa mambo matatu: umri wa gari, joto na unyevu wa hewa. Ndiyo maana mwaka 2014 miito ya Marekani ilianza na mahali kama Florida, Puerto Rico na Hawaii, ambako jua ni kali na hewa ina maji mwaka mzima. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya magari ya Honda ya miaka ya 2001 hadi 2003, kwa jinsi majaribio yalivyoonyesha, makopo yake yaliweza kupasuka hata mara moja katika kila milipuko miwili, ikawataka wenye nayo wasiyaendeshe ila kuyapeleka yakatengenezwe.

Je, ni mahali gani katika Afrika Mashariki panapofanana na Florida kwa joto na unyevu? Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Lamu au Mombasa hahitaji kuambiwa. Gari linaloachwa juani mchana kutwa, likapata ubaridi na umande usiku, mwaka baada ya mwaka, linapitia hali ileile ambayo wachunguzi waliiogopa. Na magari yetu mengi hutufikia yakiwa yamekwisha tembea miaka kadhaa, kisha tunayatumia miaka kumi au kumi na mitano zaidi.

Miongoni mwa magari yaliyoitwa kwa ajili ya Takata zimo Corolla na Vitz za Toyota za miaka fulani, magari ambayo kila mtoto wa mjini anayajua kwa majina.

KWA NINI BARUA HAIVUKI BAHARI

Barua ya kuita gari haimfuati gari. Hufuata jina lililoandikwa katika daftari la serikali ya nchi lilipoandikishwa. Mwenye gari wa Nagoya au Osaka akiliuza kwa mnada, likapakiwa melini na kuteremshwa Dar es Salaam au Mombasa, jina lake hufutwa katika daftari la kule, na jina lako huandikwa katika daftari la hapa, ambalo kiwanda hakina. Kasoro imesafiri, bali habari yake imebaki.

Hata sheria nzuri za nchi nyingine hazitufikii. Mwaka 2018 Japani iliweka kanuni kwamba magari yenye mifuko ya Takata ya hatari ambayo hayajatengenezwa yasipite ukaguzi wa lazima. Kanuni hiyo inamlinda mtu anayetaka kuendelea kuliendesha gari lake huko Japani. Anayelipokea gari ng'ambo ya bahari hana sehemu ndani yake.

Habari kuishia mpakani si jambo geni. Miaka ya mwisho ya 1990 matairi ya Firestone yaliyofungwa katika magari ya Ford Explorer yalikuwa yakibambuka ngozi katika joto la Ghuba na Venezuela, na magari yakapinduka. Mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi hayo huko Saudi Arabia na nchi jirani. Wamarekani wenyewe, wenye magari yaleyale na matairi yaleyale, hawakuambiwa mpaka tarehe 9 Agosti, 2000, matairi milioni 6.5 yalipoitwa. Vifo zaidi ya 250 vilihusishwa na matairi hayo. Bunge lao lilikasirika, na kabla ya mwaka kwisha likapitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni kutoa taarifa Marekani kila zinapoita magari katika nchi nyingine. Nchi tajiri yenye viwanda vyake ilihitaji sheria ili habari ivuke mpaka na kuifikia. Sisi tunaopokea magari ya mkono wa pili tunaihitaji zaidi.

Wala si jambo lisilowezekana. Australia iliamuru kwa sheria mwezi Februari 2018 kwamba mifuko yote ya Takata yenye hatari itafutwe, katika magari zaidi ya milioni 3. Wenye magari walitafutwa kwa barua, kwa simu na hata kwa kubishiwa hodi. Ilipofika mwisho wa mwaka 2020, karibu magari yote yalikuwa yamepatikana, yametengenezwa au yameondolewa barabarani. Nchi ikiamua, barua hufika.

LA KUFANYA NYUMBANI

Wakati tunangoja hayo, mwenye gari asikae akisubiri posta. Kama barua haiji kwake, yeye na aiendee. Haya ndiyo yaliyo katika uwezo wa kila familia:

1. Tafuta namba ya chasisi. Imeandikwa katika kadi ya gari, na pia katika kibati kilichopigiliwa sehemu ya injini au kwenye nguzo ya mlango. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi, yenye herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Yale ya soko la Marekani na Ulaya huwa na herufi na tarakimu 17. Linganisha ya kwenye kadi na ya kwenye chuma. Zikitofautiana, una tatizo jingine kubwa zaidi.

2. Uliza kwa namba hiyo. Kampuni kubwa za Japani zina mahali katika tovuti zao pa kuandika namba ya chasisi na kuona kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Kurasa hizo huwa kwa Kijapani, lakini simu za siku hizi zinatafsiri, na kijana wa nyumbani anaweza kukusaidia kwa dakika chache. Kwa gari la soko la Marekani, tovuti ya idara ya usalama barabarani ya huko hutoa jibu papo hapo.

3. Kama hujanunua, muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha, naye akupe jibu kwa maandishi. Gari likiwa lingali Japani, ni rahisi kwake kulipeleka kwa wakala likatengenezwe bure. Likishavuka bahari, huo urahisi umekwisha.

4. Ukigundua kwamba gari lako liliitwa na halikutengenezwa, mwandikie wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini, ukitaja namba ya chasisi na mwito unaohusika, na uhifadhi nakala. Ukikataliwa, upeleke waraka wako kwa wanaowalinda walaji. Tanzania inayo Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora na habari zinazohitajika ili azitumie kwa faida. Barua moja huweza kuwekwa kando. Barua mia moja haziwekwi kando.

5. Usimruhusu fundi afungue mfuko wa hewa kwa bisibisi na nyundo, wala asikuletee mfuko uliotolewa katika gari lililopata ajali. Kopo lile ni kilipuzi, na hujui lilikotoka wala lina umri gani. Kama mfuko ulio na hatari ni wa upande wa abiria, kiti hicho kiachwe kitupu mpaka utengenezwe, na watoto wakae nyuma.

6. Kasoro yoyote isiyokuwa na jina, kama gari kuzimika likiwa katika mwendo, au usukani kuwa mzito ghafla, iandike tarehe na mahali. Usikubali kuambiwa kila mara kwamba ni uendeshaji wako. Mwulize na mwenye gari la aina hiyohiyo. Kasoro nyingi kubwa zilifichuka kwa sababu watu wawili watatu walilinganisha habari.

Na funga mkanda. Hakuna mfuko wa hewa, mzima au mbovu, unaoshika nafasi ya mkanda.

MWISHO

Vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha wafanyakazi fedha za magari vinaweza kusaidia kwa hatua moja ndogo: pamoja na kadi na bima, kila mkopaji alete uthibitisho kwamba namba ya chasisi imekwisha ulizwa. Wakala wa forodha anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mteja wake, na fundi mwenye kuijali kazi yake pia. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji mtambo wala bajeti. Kinachohitajika ni namba iliyokwisha kuwapo katika kadi, na nia ya kuuliza.

Leo jioni, ndugu msomaji, itoe kadi ya gari kabatini, uisome namba ile kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani, kisha muulize pamoja. Kama gari halikuitwa, mtalala kwa amani. Kama liliitwa, mtakuwa mmejua kabla ya ajali kuwajulisha.